Kibanda Kati ya Nyumba Mbili

Kola ya shati ndiyo iliyonipa habari kabla ya daktari. Ilikuwa asubuhi ya Septemba, najiandaa kwenda shuleni, na kifungo cha juu kikakataa kufika kwenye tundu lake. Nikamlaumu mke wangu, Kemunto, kwamba ameliosha shati kwa maji moto hadi likarudi. Alisogea karibu, akaweka vidole viwili upande wa kushoto wa shingo yangu, akasema hapo kuna kitu. Kweli kilikuwepo, kigumu, kama nusu ya mbegu ya parachichi, na wala hakikuuma. Niliacha kifungo wazi nikaenda kufundisha.

Wiki saba baadaye, baada ya kutolewa damu, kukatwa kipande kidogo cha nyama shingoni na kungoja majibu hadi nikachoka kungoja, niliambiwa ni saratani ya tezi. Ugonjwa wenyewe sitaueleza. Wanaoujua wapo, waulize hao. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kutoka Gesima, na ninakuandikia wewe uliyeambiwa neno hilo juzi na bado linakuvuma masikioni. Nitakuambia yale ambayo mimi sikuambiwa: kwamba benchi linachosha kuliko sindano, kwamba mboga ya nyumbani itageuka ladha ya msumari, na kwamba unaweza kuugua hatua sitini kutoka mlango wa baba yako na bado ukamkosa.

Hilo la mwisho ndilo lililonitesa. Kufa niliogopa, sina haja ya kujifanya shujaa. Lakini kulikuwa na jambo nililoliogopa zaidi, nalo ni kufa kabla sijajua kama baba yangu ananipenda. Naona haya kidogo kuandika hivyo, mtu wa miaka thelathini na tisa, nina mke na watoto wawili. Lakini nimeahidi kusema ukweli, na huo ndio ukweli.

Baba yangu tunamwita Tata, kama Wagusii wengine wanavyowaita baba zao. Ana miaka sabini na minne, ni mzee wa kanisa la Sabato, mkulima wa chai, na mtu wa maneno machache kupita kiasi. Siku nilipopata barua ya kwenda chuo cha ualimu aliisoma mara mbili, akaikunja, akaniuliza kama nimemfunga ndama. Mama ndiye aliyekuwa msemaji wake. Alikuwa akituambia, "Tata yenu amefurahi," nasi tunaamini, maana uso wa Tata wenyewe haukuwa na habari yoyote. Mama alipofariki, miaka minane iliyopita, mimi na Tata tukabaki watu wa kusalimiana.

Tena kuna chinsoni. Hiyo ni heshima yetu kati ya mzazi na mtoto aliyekua, heshima iliyochanganyika na haya. Mwana akishaoa, baba yake haingii nyumbani mwake. Siku hizi wapo wazee wanaofika sebuleni wakanywa chai, lakini Tata si mzee wa siku hizi. Na hata hao, chumba cha kulala cha mwana ni mwiko kwao. Baba hakioni kitanda cha mwanawe, wala hakitaji. Mke wa mwana naye hapeani mkono na baba mkwe wake. Husalimiana wakiwa wamesimama mbalimbali. Nilikua na sheria hizo kama nilivyokua na ukungu wa Gesima, sikuwahi kuziuliza maswali. Zilianza kuniuma nilipolala kwenye hicho kitanda kisichotajwa nikawa siwezi kutoka.

Muhula ule kabla sijaanza matibabu nilikuwa nafundisha kidato cha tatu shairi moja la beti sita. Baba anamfuata mwanawe kwenye ukungu wa asubuhi, kwa mbali, hadi lango la shule. Mtoto akishaingia, baba anageuka na kurudi shambani, na mtoto hajui. Hayo tu. Msichana mmoja alisimama akasema maudhui yake ni mapenzi ya mzazi yasiyosemwa. Nikamwambia ni sahihi, apewe alama mbili. Kisha nikaongeza la kwangu ambalo silabasi haikuniomba: kwamba mshairi amemhurumia mno huyo baba, kwa sababu mapenzi yasiyosemwa ni barua isiyotiwa posta. Darasa likacheka, wengine wakauandika msemo huo daftarini. Nilirudi ofisini nimejaa sifa zangu, na aliyekuwa kichwani mwangu muda wote ni Tata.

Nilipangiwa kutiwa dawa mishipani mara sita, kila baada ya wiki tatu, katika hospitali kubwa ya mjini Kisii. Mgonjwa wa dawa hizi hana kalenda nyingine. Ya kwanza ilinikuta shule zikifungwa, mvua ndogo bado inanyesha. Ya pili ilikuwa Krismasi ikikaribia. Ya tatu na ya nne zilikuwa za jua la Januari, wakati majani ya chai yanapungua na barabara ya kwetu inageuka vumbi. Ya sita iliangukia watu wakipanda mahindi. Hata leo nikisikia mtu akitaja mwezi wa pili, mimi nasikia dawa ya tano.

Benchi la kungojea tulilikalia kuanzia saa moja asubuhi. Hapo ndipo nilipomjua Mama Zuhura, muuza vitambaa wa mjini, ambaye alikuwa amenitangulia kwa dawa mbili na kwa hiyo alijiona mkuu wangu wa shule. Alikuja amejitanda buibui safi kama anayekwenda harusini, akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, akaniambia hiyo sura ya kupeleka maiti niiache nyumbani. "Mwalimu, hiyo dawa nyekundu usiiangalie ikiingia," akasema. "Angalia mlango. Mlango hauna mambo mingi." Alinipa vipande vya tangawizi kavu vilivyofungwa kwenye karatasi laini, nikavitafuna njia nzima ya kurudi. Muuguzi naye alikuwa na tabia ya kujaza maji ya uvuguvugu kwenye chupa ya plastiki na kunipa niishike kabla ya sindano, ili mshipa uje juu. Hayo ni mambo madogo, lakini ukiwa pale utaona kwamba siku nzima inabebwa na mambo kama hayo.

Baada ya dawa ya kwanza nywele zilibaki kwenye mto. Kemunto alinimalizia kwa wembe, huku akinisimanga kwamba nina kichwa kibaya kuliko alivyodhani wakati wa uchumba. Kwetu kichwa kilichonyolewa chote kinasema kuna msiba. Jirani mmoja alinikuta nimesimama uani, akanipa pole kwa huzuni kubwa, akauliza ni nani amefariki. Nikamwambia bado. Alikwenda zake haraka sana, na Kemunto alinigombeza kwa utani huo hadi jioni.

Lakini hatukucheka kila siku. Watoto tuliwapeleka kwa mama mkwe huko Suneka, ili wasilete mafua nyumbani, na nyumba ikawa kimya mno. Kemunto alikuwa anachuma chai, anakamua, anapika, anafua mashuka, halafu anakuja kunishika nikitapika. Siku moja alipika chinsaga, ile mboga yetu chungu, akaichemsha kwa maziwa siku nzima kama ninavyoipenda. Nilionja tonge moja nikasukuma sahani. Sikusema pole wala ahsante. Aliichukua ile sahani, akaila yote amesimama, machozi yanamtiririka, bila kunitazama. Kama wewe ni mgonjwa na unasoma haya, sema ahsante hata kwa chakula usichoweza kukila. Mimi nilijifunza hilo kwa kuchelewa.

Na Tata? Tata alikuja kila asubuhi isipokuwa hakuja, kama naweza kusema hivyo. Akishapeleka majani yake kwenye kituo cha kununulia chai, alipita kwetu, akasimama ukingoni mwa veranda, akakohoa. Kemunto akatoka. Nikiwa kitandani niliyasikia maswali yake kupitia dirishani, na yalikuwa mawili tu. Amelala? Amekula? Akiisha kujibiwa aliweka chini chupa ya maziwa au parachichi mbili, akaenda. Mara moja nilimwita kwa sauti. Akasimama kidogo, akasema, "Lala," na nikasikia mabuti yake ya mpira yakishuka njia. Nililala kweli, lakini kwa hasira. Nikajiambia, hata huyo wa kwenye shairi alimfuata mtoto mpaka shuleni.

Dawa ya pili ndiyo iliyoniangusha. Mdomo ulijaa vidonda, hata maji yakawa yanachoma. Miguu ikawa haihisi sakafu. Suruali zangu zilinipwaya hadi Kemunto akatoboa mkanda tundu jipya kwa msumari. Nilikaa siku tisa bila kuona nje ila kwa dirisha. Siku ya kumi, ambayo ilikuwa Jumapili, nilisikia Tata akikohoa kwenye veranda, na nilipohesabu maswali, yakawa matatu.

Kemunto alirudi chumbani akaanza kukunja nguo ambazo tayari zilikuwa zimekunjwa. Nikamuuliza Tata amesema nini. Akasema hakuna. Nikamuuliza tena.

"Ameuliza una urefu gani," akasema.

"Urefu wa nini?"

"Wewe. Una futi ngapi." Aliendelea kukunja. "Nikamwambia sijui, labda sita. Akasema basi atafanya sita na nusu, usibanwe."

Kwetu kuna mtu mmoja tu anayepimwa urefu akiwa amelala, na fundi wake ni wa mbao. Kemunto alikaa ukingoni mwa kitanda, akanishika mguu kupitia blanketi, tukasikiliza bati likilia kwa jua.

Kesho yake asubuhi nilivuta pazia. Tata alikuwa kwenye uwanja kati ya nyumba yake na yangu, upande ule wa nyumba ambao kwetu mwanamume huzikwa, maana sisi hatupeleki watu makaburini, tunawazika kwao. Alikuwa na kamba na vigingi. Alipima, akasimama, akapima tena, akasogeza kigingi kimoja kwa upana wa kiganja. Kisha akachukua jembe na sururu akaanza kuchimba. Alichimba polepole, kwa uangalifu, kama anavyofanya kila kitu. Mimi nikiwa dirishani niliona mstatili, nikaona udongo mwekundu unarundikwa, na sikuhitaji kuona zaidi.

Siwezi kukueleza jinsi moyo ulivyovunjika. Nilikuwa nimezoea kwamba hasemi. Nilikuwa nimezoea kwamba haingii. Lakini kwamba angeweza kunikatia tamaa mapema hivyo, kabla hata ya dawa ya tatu, na akaanza kazi bila haraka kama anayetayarisha mahali pa ndizi, hilo sikulitegemea. Nilimwambia Kemunto anipe shuka la kujifunika mabegani. Alijaribu kunizuia. Nikashika ukuta, nikashika mlango, nikashika nguzo ya veranda, na nilipokosa cha kushika nikasimama hivyohivyo natetemeka juani.

"Tata," nikasema, "ungengoja kwanza nife."

Aliinua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza anaona hali yangu tangu nywele zinyonyoke, na niliona macho yake yakinipitia kichwani, shingoni, kwenye mikono iliyobaki mifupa. Jembe lilikuwa bado hewani. Alilishusha.

"Ufe?" akauliza. Akatazama vigingi. Akatazama udongo. Akanitazama tena, na hapo nikaona ameelewa. "Makori," akasema, "kaburi linachimbwa kwa mashimo manne?"

Nikaangalia vizuri. Yalikuwa mashimo manne, moja kila pembe, kila moja la kuingiza mkono hadi kiwiko. Mashimo ya nguzo. Katikati udongo haukuguswa.

"Na urefu wangu?"

"Ni wa kitanda." Alishusha sauti, akageuza uso upande wa shamba. "Ningemuuliza mke wako habari za kitanda?"

Nyuma yangu mlangoni nilimsikia Kemunto akibana kicheko kwa kiganja, kisha akashindwa. Mimi nikacheka hadi vidonda vya mdomo vikaniuma. Mzee wa watu alitaka kujua kitanda kina futi ngapi, akaona haya kukitaja mbele ya mke wa mwanawe, akaamua kumuuliza urefu wa mgonjwa. Kwa adabu yake alitutia msiba wa siku nzima. Tata mwenyewe hakucheka. Alingoja tumalize, akaegemea mpini wa jembe, akasema maneno mengi kuliko niliyowahi kuyasikia kwake kwa mara moja.

"Ndani siwezi kuingia. Wewe nje huwezi kukaa, jua litakuchoma. Kila siku nasikia unatapika, halafu narudi nyumbani sijakuona. Nimeshindwa kulala. Nikasema nijenge hapa katikati. Hapa si kwangu na si kwako. Hapa naweza kukaa na wewe."

Nililia. Nililia mbele ya baba yangu kwa mara ya kwanza tangu nivae suruali ndefu, na yeye akasimama pale hajui pa kuweka mikono. Mwishowe aliniambia nirudi ndani, mashimo bado, na upepo umeanza.

Kibanda kilikwisha kabla ya mwaka mpya. Nguzo zilikuwa za mkaratusi, alizozikata mwenyewe mpakani mwa shamba. Mabati yalitoka kwenye banda la zamani la ndama. Ukuta aliuweka upande mmoja tu, ule wa upepo, ili nione shamba la chai mpaka kijitoni. Kitanda alikitengeneza kwa mbao, futi sita na nusu, na ninakuhakikishia sikubanwa. Siku ya Sabato hakugonga hata msumari, ingawa lilikuwa limebaki bati moja. Alikaa chini ya lile pengo na Biblia yake akanisomea Zaburi, jua likimpiga kisogoni.

Majirani nao walikuwa wamepima mambo kwa macho yao. Mchungaji alikuja kwa mwendo wa polepole kuulizia kama familia inahitaji maombi ya pekee. Alipoonyeshwa kitanda na mtu aliyelala juu yake anakula parachichi, aliomba maombi mafupi ya shukrani akabaki kunywa uji.

Tangu hapo asubuhi zangu zilikuwa na umbo. Saa tatu Kemunto alinitoa nje, akanilaza kibandani, akaenda shambani akijua kuna mtu. Hilo pekee lilimrudishia rangi usoni. Tata alikuja akakaa kwenye kigoda chake. Hatukuzungumza sana, usifikiri alibadilika akawa mwingine. Alimenya muwa kwa kisu, akaukata vipande vidogo vya ukubwa wa kidole, akavipanga kwenye sahani mahali mkono wangu unafika. Alichambua maharage. Alifungua redio ya habari akaifunga ikianza muziki. Nikisinzia alibaki, na nikiamka namkuta ananitazama. Anahamisha macho haraka kwenda kwenye maharage.

Dawa ya nne iligeuza kucha zangu kuwa nyeusi. Nilizificha chini ya blanketi, nilizionea aibu kuliko upara. Tata aliziona nilipofikia muwa. Akanyoosha mkono wake juu ya kitanda, karibu na wangu, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu wa chai ambao haujatoka tangu nimjue. "Sasa umekuwa mchuma chai," akasema. "Umenishinda hata mimi." Huo ulikuwa utani wa kwanza wa baba yangu kwangu. Nilimweleza Mama Zuhura kwenye benchi, akacheka akaniambia nimshike huyo mzee, wa hivyo hawauzwi sokoni.

Ilikuwa baada ya dawa ya tano, Februari, ardhi imekauka inangoja mvua, nilipomweleza Tata lile shairi. Nilimpa kisa chote kwa Kigusii: ukungu, mtoto, baba anayefuata kwa mbali, lango. Nikamwambia pia nilivyowaambia wanafunzi, kuhusu barua isiyotiwa posta. Sijui kwa nini nilimwambia. Nadhani nilitaka kuungama.

Alichambua maharage kwa muda. Kisha akauliza, "Na huyo mtoto, njia yote hiyo, hakugeuka hata mara moja?"

Nikamwambia shairi halisemi.

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Waulize wanafunzi."

Nililibeba swali hilo siku nzima. Miaka yote nilikuwa nimemtaka Tata aseme, na sikuwahi kujiuliza mimi nilimwambia nini. Barua ya chuo nilimpa asome. Sikumwambia kwamba yeye ndiye wa kwanza niliyetaka aione. Mama alipokufa nilipanga viti, nikashughulikia chakula, na sikukaa naye hata dakika kumi. Tulikuwa wawili tulionyamaza, na mimi nilimhesabia mmoja tu.

Dawa ya sita iliisha Machi, na mvua ikaanza wiki hiyohiyo. Watu walikuwa mashambani na mbegu, na mimi nilikuwa na nguvu za kutembea hadi kisimani na kurudi bila kupumzika. Nywele zilianza kuota, laini kama za mtoto. Siku moja nilitoka nikamkuta Tata amesimama juu ya ngazi, anang'oa mabati ya kibanda. Nikamwomba akiache. Nikamwambia nimekizoea, nitakuwa nasahihisha madaftari humo. Akakataa, akasema kibanda cha mgonjwa hakibaki mgonjwa akiinuka, wala mtu mwenye nyumba hakai kibandani. Nilimshikia ngazi. Jioni uwanja ulikuwa mtupu, na yeye akarudi kwenye desturi yake ya kukohoa ukingoni mwa veranda.

Sikuumia. Ndilo jambo ninalotaka ulichukue hapa kama huna jingine. Usimngoje mzazi wako avunje mila yake ndipo uamini. Labda hawezi. Mtazame anachofanya kwa mikono yake, na kama mmeshindwa kukutana kwako wala kwake, tafuteni mahali pa katikati, hata kama ni mabati manne na kigoda. Na mke au mume anayekuuguza, mwambie ahsante leo.

Majibu ya picha ya mwisho niliyapata Aprili. Daktari alisema haoni kitu, nirudi baada ya miezi mitatu. Kemunto alilia kwenye ngazi za hospitali, akanunua mkungu wa ndizi mbivu bila sababu yoyote, akaenda moja kwa moja Suneka kuwachukua watoto. Mimi nikarudi Gesima peke yangu, na sikupita nyumbani. Nilishuka shambani nikiwa na viatu vya mjini.

Chai ya Aprili inaota kwa fujo. Tata alikuwa katikati ya shamba, kikapu mgongoni, mikono inakwenda juu ya vichaka bila yeye kuitazama. Nilimweleza alichosema daktari. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa, mikono ikaendelea. Nilisimama pale, viatu vinazama matopeni, na nikajua nikiondoka bila kusema nitaondoka hivyo maisha yangu yote. Nikamwambia kwa Kigusii, kwa neno la wazi ambalo nyumbani kwetu hatulitumii, kwamba ninampenda.

Mikono yake ilisimama. Mchuma chai hasimamishi mikono, hata akiongea, hata akiumwa na mdudu. Alikaa hivyo, majani mawili na chipukizi vimebaki kati ya vidole vyake.

"Kumbe ulingoja mpaka uugue," akasema.

"Na wewe, Tata, unangoja nini?"

Aliyatupa yale majani kikapuni juu ya bega. Uso wake, ule usiokuwa na habari, ulikuwa umelowa, na mvua ya siku hiyo ilikuwa bado haijafika.

"Mimi nilidhani unajua," akasema. Akapangusa uso kwa mkono wa shati, akanionyesha mstari wa vichaka uliokuwa kando yake. "Vua hivyo viatu. Shika mstari huo, twende pamoja."